Naitrojeni ya Ng'ombe Hupotelea Wapi?

Katika kila kilo 10 za naitrojeni ambazo ng'ombe hula kwenye majani, kilo 7 hadi 9 humtoka tena kwa mkojo na kinyesi. Kidogo kinachobaki ndicho hujenga nyama na kuingia kwenye maziwa. Naitrojeni hiyo inayorudi ardhini ndiyo rutuba ya nyasi za msimu ujao. Ikipotea, huchafua maji au hupanda angani kama gesi ya kuongeza joto. Ni kiasi gani hupotea, na kwa njia ipi? Jibu la New Zealand si la Kenya, na tofauti yenyewe ni kubwa mno.

Tuanze na mkojo, maana huko ndiko hasara kubwa iliko. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni urea, ileile ambayo mkulima huinunua dukani kwenye mfuko wa kilo 50. Mkojo ukishamwagika, kimeng'enya kilichomo udongoni huivunja urea hiyo kwa muda wa siku moja au mbili tu, ikawa amonia. Jua likiwa kali, sehemu yake hupaa. Ile harufu inayochoma pua ukiingia zizini asubuhi ndiyo hiyo. Inayosalia hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, nayo naitreti haishikwi na udongo: mvua kubwa ikinyesha, huzama nayo mpaka visimani na mitoni. Udongo ukilowa hata ukakosa hewa, bakteria wengine huivunja tena, ikatoka gesi ya naitrojeni isiyo na madhara pamoja na naitrasi oksidi kiasi. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopwa. Kilo yake moja huongeza joto la dunia sawa na kilo 273 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100.

New Zealand, ng'ombe wa maziwa hukaa malishoni karibu mwaka mzima, wakila nyasi changa zenye protini nyingi kuliko wanavyohitaji. Ziada yote huishia kwenye mkojo. Mahali ng'ombe anapokojoa hupokea naitrojeni inayofikia kiwango cha kilo 1,000 kwa hekta, nyasi zisiweze kuimaliza kabla mvua za majira ya baridi hazijaizamisha. Ili kuliokoa Ziwa Taupo, mamlaka ya eneo la Waikato iliweka ukomo wa naitrojeni kwa mashamba yanayolizunguka. Wafugaji nchini humo walijaribu pia dawa iitwayo DCD, inayowapunguza kasi bakteria wanaotengeneza naitreti, lakini mwaka 2013 iliondolewa sokoni baada ya masalia yake kuonekana kwenye maziwa.

Uholanzi kilio ni cha amonia. Ng'ombe wakiwa bandani, mkojo na kinyesi huchanganyika sakafuni, amonia ikapaa na kwenda kuangukia misitu na nyika za asili ambazo mimea yake haivumilii mbolea. Mei 2019 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilibatilisha mpango wa serikali wa kutoa vibali, na Oktoba wakulima wakaingia barabarani na matrekta. Ng'ombe hao wakitolewa nje kuchunga, amonia hupungua kwa sababu udongo huwahi kuunywa mkojo. Naitreti inayozama ndiyo huongezeka.

Sasa tuje kwetu. Kwa miaka mingi, nchi isiyo na vipimo vyake ilitumia kadirio la mwaka 2006 la IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi: asilimia 2 ya naitrojeni ambayo ng'ombe huiacha malishoni hutoka kama naitrasi oksidi. Vipimo vingi vilivyokuwepo vilitoka nchi za baridi. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), Nairobi, wakaamua kupima wenyewe. Kazi yenyewe ni ya subira: humwaga mkojo uliopimwa juu ya nyasi, hufunika mahali pale kwa kisanduku kisichopitisha hewa, kisha huvuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano kila baada ya dakika kadhaa na kuipeleka maabara.

Walipata kiasi kidogo sana kuliko kadirio lile. Ng'ombe anayekula majani makavu hana protini ya kumwaga. Naitrojeni yake nyingi hutoka kwenye kinyesi, nacho hukauka juani mapema. Mwaka 2019 IPCC ilirekebisha hesabu kwa kutumia vipimo vipya vya nchi mbalimbali: asilimia 0.6 kwa maeneo ya mvua, 0.2 kwa maeneo makavu. Kwa hesabu ya zamani, basi, mfugaji wa nchi kavu alikuwa akibebeshwa mara kumi ya gesi inayotoka malishoni kwake. Naliona hilo kuwa suala la haki.

Hata hivyo, boma ni habari nyingine. Ng'ombe hulala humo kila usiku, samadi ikarundikana tabaka juu ya tabaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba maboma ya Kenya hutoa naitrasi oksidi kwa wingi hata miaka 40 baada ya kuhamwa, na kwamba maboma ya nchi kavu za Afrika huenda yanachangia asilimia 5 hivi ya gesi hiyo inayosababishwa na binadamu barani kote. Katika kaunti ya Narok, maboma ya wafugaji wa kale, mengine ya zaidi ya miaka 3,000, bado yanaonekana kama vipara vya nyasi nzuri kwenye udongo uliojaa rutuba.

Rutuba hiyo inakaa zizini huku mahindi ya jirani yakigeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni. Wafugaji, ipelekeni samadi shambani kabla haijarundikana, na hamisheni boma mara kwa mara kama walivyofanya wazee. Na serikali zetu zinapoandika taarifa zao za gesijoto, ziweke hesabu ya boma kando na ya malisho, na zigharamie vipimo vyake.