Magonjwa ya akili: andika mupango wako wakati uko muzima

Mutu anayeishi na ugonjwa wa akili akizidiwa, nani anaamua juu yake? Hapa Kolwezi, komini ya Manika kama ile ya Dilala, mara nyingi ni jamaa, majirani ao watu wa kanisa. Wanaamua haraka, tena na woga. Mumoja anasema apelekwe kwenye maombi, mwingine anasema afungwe kamba asikimbie, wa tatu anatafuta pesa ya kumupeleka Lubumbashi. Mugonjwa mwenyewe hakuna anayemuuliza, na saa ile hawezi kujieleza vizuri.

Lakini mutu huyu hazidiwi kila siku. Kuna miezi anatumika, anaenda soko, anapeleka watoto kwenye masomo. Wakati huo ndio anaweza kusema anachotaka. Ndiyo maana kuna mupango wa afya ambao mugonjwa anajiandikia mwenyewe.

Ulitoka wapi?

Mwaka 1997, katika jimbo la Vermont, Marekani, watu waliopitia magonjwa ya akili, pamoja na Mary Ellen Copeland, walikusanya mambo yaliyowasaidia, wakayapanga ili wengine wayatumie. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (OMS) nalo lilitoa kitabu cha kusaidia mutu kutengeneza mupango wake.

Unaandika nini?

Kaye moja na biki vinatosha. Kaye inagawanywa hivi:

1. Vile niko nikiwa muzima. Mutu wa kuongea ao wa kunyamaza? Jamaa wasidhani kunyamaza kwako ni ugonjwa.

2. Mambo ya kila siku. Kulala saa zangu, kula, kumeza dawa, kuimba kwaya, kulima bustani.

3. Vinavyoniamusha ugonjwa. Kwa wengine ni kilio, deni ao ugomvi wa nyumbani. Kwa mwingine ni kazi ya usiku kwenye kampuni ya madini, juu usingizi unapotea. Pombe kali kama lutuku, na bangi, vinaweza kuuzidisha.

4. Alama za kwanza. Usiku mbili bila usingizi, kuogopa watu, kugawa vitu ovyo. Kando ya kila alama, andika utafanya nini na utamuita nani.

5. Siku ya kuzidiwa. Nani aamue kwa jina langu, na nani asikaribie? Dawa gani zinanisaidia, gani zilinitesa? Nani abaki na watoto, nani ashike simu na pesa? Maombi nayataka ao hapana? Andika pia: musinifunge, musinipige.

6. Kisha kupona. Nirudilie kazi polepole namna gani, na nini tubadilishe kwenye mupango.

Njia ya kwenda kwa munganga ipangwe mapema. Kituo kinachojulikana zaidi upande wetu ni Centre Dr Joseph Guislain cha Lubumbashi, chini ya Mafrere wa Charité. Toka Kolwezi ni kilometa karibu 300. Mutu aliyezidiwa hapandishwi gari tu hivi hivi. Basi andikeni: nani atamusindikiza, pesa ya njia iko wapi, karatasi za matunzo ziko wapi. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuwa hatua ya kwanza.

Mambo ya kuangalia

Mupango hauchukui nafasi ya dawa. Usiache dawa kwa kuwa unajisikia muzuri. Ongea kwanza na munganga wako.

Asiyejua kuandika anaweza kuchora, kujirekodi sauti kwenye simu, ao kumuomba mutu anayemuamini aandike. Lakini maneno yawe yake. Mama akiandika kwa siri juu ya mutoto wake mukubwa, huo ni mupango wa mama.

Hakuna wa kulazimishwa. Na karatasi peke yake haina nguvu kama waliotajwa ndani hawakukubali. Ukae nao, uwasomee, waulize maswali. Mutu akisema hataweza, tafuta mwingine sasa. Kisha toa kopi mbili: moja kwa mutu wa nyumbani, ya pili kwa rafiki ao jirani anayefika upesi.

Na ninyi jamaa, siku ikifika, fungueni kaye kwanza, mbele ya kutafuta kamba.