Fahamu: Kaburi la Kale Linapofukuliwa Chini ya Jengo

Mifupa ya binadamu inapogunduliwa chini ya jengo, swali la kwanza la wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaochunguza maisha ya kale kwa kufukua mabaki yake, ni kama kaburi lilitangulia jengo au lilichimbwa baadaye. Ngome Kongwe ya Zanzibar huonyesha ugumu wa swali hilo, kwa kuwa Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, nayo baadaye ikawa gereza, bohari ya reli, klabu ya wanawake na hatimaye kituo cha utamaduni.

Jibu hutafutwa katika matabaka ya udongo: shimo la kaburi lililokata sakafu ni jipya kuliko sakafu hiyo, ilhali lililofunikwa na sakafu isiyovunjwa ni la zamani zaidi. Mlalo wa maiti nao ni ushahidi mzito, kwani Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla. Huko Leicester, Uingereza, Mfalme Richard III, aliyeuawa vitani mwaka 1485 na kuzikwa katika kanisa la watawa, alifukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari, na vinasaba vya jamaa wa upande wa kikeni vikasaidia kumtambua.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda mabaki ya kabla ya 1863. Kwa hiyo fundi wa Ipililo, mkoani Simiyu, anayekutana na mifupa akichimba msingi, ni vyema asimamishe kazi na kutoa taarifa serikalini mara moja, kwa sababu mfupa ulioondolewa kabla tabaka lake halijarekodiwa hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake, na hasara hiyo haina fidia.