Labo Bila Kugombania Asistanti (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia vyombo vya labo. Leo nageukia upungufu usioandikwa kwenye daftari la mali ya shule: mtu wa kumjibu mwanafunzi papo hapo anapokwama.

Kila aliyesoma biolojia-kemia Butembo au Beni, huku mashariki mwa Kongo, anaijua kazi ya kuitonea asidi besi mpaka rangi ya waridi ibaki. Tone moja likizidi, kipimo kimeharibika, unaanza upya. Mwanafunzi anayesita mbele ya bureti anahitaji jibu sasa hivi, lakini asistanti yuko meza ya mbali, amezungukwa na wenye sauti kubwa. Wapole wananakili namba za jirani. Karatasi zinarudi safi kabisa, nami huziogopa karatasi safi.

Dawa yake si ghali. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, na tangu 2016 yako matoleo yenye Wi-Fi ndani yake. Ikiwekwa kona ya labo, simu za wanafunzi zinaungana nayo bila intaneti, bila kununua mega hata moja. Kikundi kilichokwama kinaandika namba ya meza na hatua kilipofika. Asistanti anaona nani ametangulia na nani amekwamia wapi. Meza nne zikishindwa hatua ileile, anasimamisha darasa na kuwaeleza wote mara moja. Kuandika programu kama hiyo ni zoezi zuri kwa wanafunzi wa kompyuta wa chuo kikuu cha UCBC pale Beni, au wenzao wa vyuo vya Butembo.

Kompyuta hiyohiyo inaweza kubeba PhET, majaribio ya kuigiza ambayo Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, aliyaanzisha mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado. Ni ya bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anakosea humo apendavyo bila kumaliza asidi ya shule. Ila kidole hakijifunzi kufunga bomba la bureti kwa kugusa kioo cha simu.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, mashine ijibu yenyewe na asistanti apumzike. Sisi wa huku tumeshaona mashine ya namna hiyo ikifanya kazi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilileta GeneXpert katika labo za INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Beni na Butembo. Sampuli ikishaandaliwa inatiwa ndani ya katriji, na jibu linatoka kabla ya saa mbili kupita, pasipo kungoja ndege ya Kinshasa. Lakini kila katriji hujihakiki. Sampuli ikiwa haitoshi, au kitu fulani kikizuia mmenyuko, mashine inasema tu kwamba matokeo ni batili. Kilichoharibika ni nini, sampuli irudiwe au ichukuliwe upya, hayo aliyaamua fundi, tena katika mlipuko ulioua watu 2,287 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020. Fundi huyo alifundishwa na mtu aliyesimama kando yake.

Kwa hiyo programu ninayoipendekeza haijibu swali la kemia hata moja. Inapanga zamu, basi, na inatunza kumbukumbu. Ningeongeza kitufe cha kurekodi swali kwa sauti, kwa sababu karatasi ya maelekezo huandikwa kwa Kifaransa huku swali likizaliwa kichwani kwa Kinande au Kiswahili, na wengi hunyamaza kwa kuhofia kuchekwa sarufi. Jioni mwalimu akisikiliza sauti hizo na kuona meza nyingi zilikwamia hatua moja, aanze kwa kuisoma upya sentensi aliyoiandika yeye mwenyewe kwenye karatasi ile.

Wiki ijayo: umeme wa kuendeshea haya yote siku jenereta ikikosa mafuta.