Dawa ya pamba, maji ya Mugango

Maji ya bomba yanayofika Butiama huanzia Mugango, ukingoni mwa Ziwa Victoria, yakasukumwa na pampu hadi Kiabakari na kuendelea kupanda. Bunda wanayapata yao kutoka chanzo cha Nyabehu, na Musoma mjini kutoka Bukanga. Ziwa ni lile lile. Masika yakiingia safari hugeuka: maji yanateremka kutoka kwenye mashamba ya pamba, mahindi na mtama, yanaingia vijitoni, yanajiunga na Mto Mara au na Grumeti, kisha yanamwagika katika Ghuba ya Mara na Ghuba ya Speke. Chochote kilicholala juu ya udongo siku hiyo husafiri nayo, kikaelekea huko huko ziliko nyavu na mabomba yetu.

Ndiyo maana mjadala wa mbolea na viuatilifu katika mkoa huu wa Mara haumhusu mkulima peke yake. Huku mtu mmoja analima pamba, anavua dagaa, anakunywa maji ya ziwa na kuwauzia samaki watu wa mbali. Akikosea shambani, kosa linamkuta mezani.

Wenye umri wanaukumbuka mwaka 1999. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulifunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, baada ya kubainika kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wanamwaga sumu majini ili samaki waelee wakaokotwe. Sumu iliyotajwa sana ilikuwa endosulfani, ambayo wakulima wa pamba waliizoea kwa jina la thiodani. Ilinunuliwa kwa ajili ya funza wa vitumba, ikaishia kwenye sato na sangara. Viwanda vya minofu vilipoteza soko, na mvuvi ambaye hakuwahi kugusa chupa ya thiodani akalipia dhambi ya jirani yake. Mwaka 2011 endosulfani iliongezwa kwenye orodha ya kemikali zinazopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm, kwa kuwa haiozi upesi, husafiri mbali na hujilimbikiza katika miili ya viumbe.

Uvuvi wa sumu ulitushtua kwa sababu ulikuwa na mhalifu anayeonekana. Mvua inayofanya kazi kama hiyo polepole, kila msimu, haina wa kukamatwa.

Dawa zinazotumika sana kwenye pamba siku hizi ni za jamii nyingine, zikiwemo saipamethrini na lamda-saihalothrini. Kwa binadamu na ng'ombe zina nafuu kuliko zile za zamani, na hilo ni jambo jema ambalo si haki kulificha. Kwa samaki, uduvi na nyuki ni habari nyingine: kiasi kidogo mno kinatosha kuua. Dawa hizi hazipendi kukaa ndani ya maji. Hushikamana na chembe za udongo, na udongo ukimomonyoka huzama nazo hadi chini ya ziwa, kwenye matope ambako wadudu wanaoliwa na samaki huishi. Shamba lililolimwa kufuata mteremko, likapigwa dawa jioni na kunyeshewa usiku, huwa limepoteza dawa, udongo na pesa kwa pamoja.

Pamba walau ina utaratibu wake. Dawa hugawiwa kwa ekapaki, yaani kipimo cha eka moja, na mkulima mzoefu wa Bunda anajua apulize mara ngapi kwa msimu. Ninachokiogopa zaidi ni bustani za ufukweni: nyanya, vitunguu, matikiti, kabichi. Hapo mashine ya kumwagilia inavuta maji ziwani, shamba linaanza hatua chache kutoka majini, na ekapaki iliyobaki kwenye pamba hupulizwa kwenye nyanya zitakazouzwa kesho kutwa. Lebo inaeleza siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini mteja wa sokoni hasubiri, na nyanya iliyoiva nayo haisubiri. Bomba la mgongoni huoshwa pale pale yanapochotwa maji, na chupa hutupwa vichakani au, vibaya zaidi, hupelekwa nyumbani kuwekea mafuta ya taa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Inajulikana, na inavunjwa mchana kweupe. Lakini kumwambia mkulima asogee mita 60 bila kumsogezea maji ni kumwambia aache kulima. Bomba la kupeleka maji juu ya mstari huo lingeokoa ufukwe kuliko faini kumi.

Kuhusu mbolea nina msimamo ambao huenda usiwapendeze baadhi ya wapenda mazingira. Mkulima wa kawaida wa Mara hatumii mbolea nyingi ya viwandani. Anatumia kidogo mno. Watafiti waliochimbua matope ya chini ya Ziwa Victoria na kuyasoma tabaka kwa tabaka waligundua kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na mashamba. Miaka hiyo nani alikuwa na mfuko wa mbolea ya DAP? Kilichobadilika ni ardhi: misitu na nyasi ziliondolewa, udongo ukabaki uchi, mvua ikaubeba pamoja na fosforasi yake ya asili, na mioto ya mashamba ikapeleka majivu angani yaliyokuja kutua ziwani.

Ziwa lenyewe si jepesi kujisafisha. Ni pana, kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua na kuondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi fosforasi. Hubaki, ikalisha mwani na magugumaji. Mwani ukifa huoza, na kuoza kunakula hewa ya oksijeni inayohitajiwa na samaki. Aina fulani ya mwani wa kijani-bluu hutoa sumu isiyotoka hata maji yakichemshwa. Mji wa Toledo, Marekani, ulipatwa na mkasa huo Agosti 2014: watu wapatao nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba, kwa sababu Ziwa Erie lilikuwa limeshiba mbolea ya mashamba.

Wala tusidhani kwamba cha asili hakidhuru. Machi 2022 samaki walikufa katika Mto Mara, maji yakageuka meusi na kunuka. Kamati ya kitaifa chini ya Profesa Samuel Manyele ilieleza kwamba oksijeni ilikwisha kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza katika ardhi oevu. Wengi hawakuridhika, wakiutazama mgodi wa dhahabu ulio juu ya mto, na shaka yao ilifika hadi bungeni. Mimi naona kilichowaumiza watu ni kuletewa jibu baada ya samaki kufa, kuhusu maji ambayo hawakuwa na kawaida ya kusomewa vipimo vyake.

Serikali ilipoanza ruzuku msimu wa 2022/23, mfuko wa kilo 50 wa urea ulishuka hadi shilingi 70,000. Ni vizuri mfuko huo ufike Kiabakari na Kibara, kwa sababu eka inayozaa vizuri inamwondolea mtu haja ya kufyeka kilima kingine. Ila ufike pamoja na bwana shamba wa kuonyesha namna ya kufukia mbolea badala ya kuimwaga juu, kulima kwa kukinga mteremko, kuotesha mabingobingo kwenye kingo na kuacha mabua shambani. Jirani zetu wa Meatu wamelima pamba hai tangu miaka ya 1990, wakipanda alizeti kando ya pamba ili kuwanasa wadudu. Si kila mkulima wa Bunda ataacha dawa, lakini mistari ya alizeti haimgharimu mtu.

Chupa tupu nazo zina mahali pa kuanzia. Chama cha msingi kinachompimia mkulima pamba kinamjua kwa jina na kinajua alichukua ekapaki ngapi. Siku ya mizani azirudishe, zikiwa zimesuuzwa mara tatu na maji ya kusuuzia yamepulizwa shambani, na gari lililoleta dawa liondoke nazo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inaweza kuliweka hilo kuwa sharti kwa wasambazaji. Butiama pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Kipime maji ya Mugango, Nyabehu na Kirumi kwenye Mto Mara, kila masika na kila kiangazi, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji, kwa Kiswahili, kabla msimu mwingine wa kupiga dawa haujaanza.