Si Kila Maumivu ya Taya ni ya Jino

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa ambao wengi huubeba kwa muda mrefu bila kuujua jina: maumivu ya kiungo cha taya. Hospitalini tunawapokea watu wanaosema, "Sista, jino linaniuma," lakini wakiulizwa ni jino lipi, hawawezi kulionyesha. Wengine hulalamikia sikio, na sikio likichunguzwa linaonekana zima. Wengine wamekwisha kung'olewa jino moja, kisha la pili, na maumivu yako palepale.

Jino likishang'olewa halirudi. Ndiyo maana tunapenda kila familia ielewe kiungo hiki, namna ya kukitunza nyumbani, na dalili zinazomtaka mgonjwa afike hospitali bila kuchelewa.

KIUNGO CHA TAYA KIKO WAPI?

Wekeni ncha za vidole mbele ya masikio, karibu kabisa na tundu la sikio, kisha fungueni na kufunga kinywa polepole. Kile mnachosikia kikisogea chini ya vidole ndicho kiungo cha taya. Kila mtu anavyo viwili, cha kulia na cha kushoto. Kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, kimoja hakiwezi kwenda bila mwenzake.

Kati ya kichwa cha mfupa wa taya na fuvu kuna kisahani chembamba chenye ugumu wa gegedu. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa cha taya huzunguka mahali pake kama bawaba ya mlango. Kinywa kikifunguka zaidi, kichwa hicho huteleza mbele pamoja na kisahani chake. Kazi yote hiyo inaendeshwa na misuli minne kila upande. Mmoja uko shavuni. Kazeni meno mtausikia ukivimba. Mwingine umetandaa kwenye kipaji, juu ya sikio. Kwa hiyo misuli ya taya ikichoka, mtu huona kichwa kinauma, kumbe chanzo ni taya.

DALILI ZAKE

1. Maumivu mbele ya sikio, shavuni au kwenye vipaji, yanayozidi wakati wa kutafuna, kupiga miayo au kuimba.
2. Taya kuwa zito na gumu asubuhi baada ya kuamka.
3. Kinywa kutofunguka vizuri, au kwenda upande kinapofunguka.
4. Kiungo kualika au kukwaruza.
5. Sikio kuuma au kuvuma ingawa halitoi usaha.

Kuna kipimo rahisi. Mtu mzima ajaribu kuingiza vidole vyake vitatu, vikiwa vimesimama kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wengi huweza. Kama vinaingia viwili tu au kimoja, taya halifunguki inavyopasa.

Kualika peke yake, bila maumivu na bila kinywa kukwama, si ugonjwa wa kutibiwa. Maana yake mara nyingi ni kwamba kisahani kimesogea kidogo na kurudi mahali pake. Watu wengi huishi na mlio huo maisha yao yote bila madhara.

KWA NINI KINAUMA?

Mara nyingi sababu si moja. Wapo wanaokaza meno mchana kutwa bila kujijua, hasa wakiwa na mawazo: ada ya shule, mgonjwa nyumbani, ugomvi, msiba. Wapo wanaosaga meno usingizini, na anayelala karibu nao ndiye anayesikia. Wapo wanaotafuna vitu vigumu kwa saa nyingi, kama miwa, mahindi ya kuchoma, chingamu au mirungi. Wengine kiungo kimeumia kwa ajali, au kimechoka kwa kuachama muda mrefu wakati wa kung'olewa gego. Ugonjwa wa baridi yabisi nao huweza kukishika. Maumivu haya huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na zaidi kati ya umri wa miaka 20 na 40.

Tuseme pia jambo ambalo watu hulificha. Taya huumizwa kwa kipigo. Mtu aliyepigwa usoni, awe mke, mtoto au kijana, aletwe achunguzwe, maana taya linaweza kuwa limevunjika. Asione haya kutueleza ilivyotokea. Hayo ni ya kumsaidia, si ya kumwaibisha.

MSIKIMBILIE KUNG'OA JINO

Mwaka 1934 daktari wa masikio James Costen, wa St. Louis huko Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wenye maumivu ya taya na sikio. Alidhani chanzo ni kukosa magego na meno kutokutana vizuri. Kwa miaka mingi baadaye wagonjwa wengi walichongwa meno ili yakutane sawasawa. Leo madaktari hawaoni tena kwamba meno kutokutana ndicho chanzo kikuu cha maumivu haya, na hawashauri kuchonga wala kung'oa meno mazima kwa ajili yake.

Jino bovu lina dalili zake: limetoboka, linauma kwa kitu cha baridi au cha moto, linauma likigongwa, au fizi yake imevimba na kutoa usaha. Hilo litibiwe. Lakini kama jino ni zima, na maumivu yanakuja mnapobonyeza mbele ya sikio au kwenye msuli wa shavu, ombeni taya lichunguzwe kwanza. Vivyo hivyo, msimimine mafuta wala dawa yoyote katika sikio ambalo halijachunguzwa.

MATUNZO YA NYUMBANI

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu kwa matunzo yasiyo na gharama kubwa, wakiyafuata kwa wiki kadhaa bila kuruka siku.

1. Pumzisheni taya. Kanuni ni hii: midomo ifungwe, meno yaachane. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Wakati mwingine wote ncha ya ulimi ikae taratibu nyuma ya meno ya mbele ya juu, na taya lilegee. Chagueni kitu cha kuwakumbusha. Kila mnapochota maji, kila mnapochochea moto, kila kengele inapolia, jiulizeni: je, meno yangu yanagusana?

2. Kuleni vyakula laini kwa wiki mbili hivi: uji, mtori, ugali laini na mchuzi, viazi vya kuponda, maharage yaliyoiva sana, mayai, papai, parachichi. Nyama ikatwe vipande vidogo au isagwe. Tafuneni pande zote mbili. Acheni kwa muda miwa, karanga, ukoko na mahindi ya kuchoma. Chakula laini si chakula hafifu. Mgonjwa asishindie chai.

3. Kandeni kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Kwanza kipimeni kwenye mkono msije mkaungua. Kama taya limeumia leo au jana na limevimba, tumieni maji ya baridi kwa siku mbili za kwanza.

4. Baada ya kukanda, sugueni polepole misuli ya shavu na ya kipaji kwa ncha za vidole. Kisha fanyeni zoezi hili: bandikeni ulimi juu kwenye kaakaa, fungueni kinywa polepole mpaka pale ulimi unapotaka kubanduka, halafu fungeni. Rudieni mara sita, asubuhi, mchana na jioni. Likizidisha maumivu, acheni.

5. Zuieni miayo kwa kuweka ngumi chini ya kidevu. Msiegemeze kidevu mkononi, msilale kifudifudi, msiume kucha wala kufungua chupa kwa meno. Wanakwaya wenye maumivu wapumzike kuimba kwa sauti kubwa mpaka wapate nafuu.

DAWA

Paracetamol yaweza kutuliza maumivu kwa muda: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, visirudiwe kabla ya saa 6, na visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Wenye ugonjwa wa ini waulize kwanza. Ibuprofen na diclofenac huwafaa wengine, lakini zina hatari kwa wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, na kwa wajawazito. Msizinunue dukani na kuzimeza kwa wiki nyingi bila kumwona mtaalamu. Antibiotiki hazisaidii kitu hapa kama hakuna usaha wala maambukizi.

Mwaka 2023 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo kuhusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu au zaidi. Lililotiliwa mkazo ni mazoezi ya taya na ya mkao wa mwili yanayosimamiwa, kukandwa na mtaalamu, na mazungumzo ya ushauri yanayomsaidia mgonjwa kukabiliana na maumivu na mawazo. Mwongozo huo unakataza kuondoa kisahani kwa upasuaji. Kwa hiyo anayeambiwa afanye mazoezi na kupumzisha taya asidhani amenyimwa dawa. Hiyo ndiyo dawa.

TAYA LIKIKWAMA WAZI

Wakati mwingine mtu hupiga miayo na kinywa kikabaki wazi. Anashindwa kusema na mate yanamtoka. Taya limeteguka. Msimpige kofi wala kulisukuma kwa nguvu. Mfunikeni kinywa kwa kitambaa safi, mtulizeni, mleteni hospitali mapema. Mhudumu aliyefundishwa hulirudisha kwa kubonyeza magego ya chini kuelekea chini na nyuma. Likikaa muda mrefu, misuli hukaza na kazi inakuwa ngumu.

DALILI ZA HATARI

Msingojee matunzo ya nyumbani mkiona haya:

– Taya kukaza lisifunguke, hasa baada ya jeraha la msumari, mwiba au jembe, au kichanga kilichokuwa kikinyonya vizuri kushindwa kunyonya. Huenda ni pepopunda, na ugonjwa huo huua.
– Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi. Huenda ni moyo.
– Uvimbe wenye homa, shida ya kumeza au kupumua.
– Mtoto kuvimba taya haraka ndani ya wiki chache na meno kulegea. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, alieleza saratani ya namna hii kwa watoto. Inatibika kwa dawa, hasa ikiwahiwa.
– Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye kichwa kipya kinachouma kwenye vipaji, taya kuchoka akitafuna, na macho kuona giza. Si ugonjwa wa kawaida, lakini unaweza kupofusha.

KUISHI NA MAUMIVU YANAYORUDI

Kwa wengine maumivu hupungua, kisha hurudi wakati wa shida. Hilo lisiwavunje moyo. Rudieni chakula laini, kukanda na zoezi, na mara nyingi yatatulia tena. Nanyi wa nyumbani, msimwambie mgonjwa kwamba anajisingizia kwa sababu hamwoni kidonda. Mpikieni chakula anachoweza kutafuna, mpunguzieni kazi, na mpeni nafasi ya kusema yanayomsumbua. Anayekaza meno usiku mara nyingi ana jambo ambalo mchana hakupata wa kumwambia.

Kama wiki tatu au nne zimepita bila nafuu, au kinywa kinazidi kufunga, fikeni hospitali. Njooni na meno yenu yote. Tutaanza kwa kulichunguza taya.