Greenham: namna swali la bombe liligeuzwa kuwa swali la kitanda

Mwanamke akitoka inje kusema neno juu ya vita, mara nyingi swali la kwanza analoulizwa halihusu vita. Anaulizwa: bwana yako iko wapi? Watoto umeachia nani? Na kama anatembea na wanawake wenzake tu, minong'ono inaanza: hawa wamama, kati yao kuna nini?

Huku kwetu maneno hayo tunayajua. Lakini hayakuzaliwa kwetu. Nchini Uingereza, zaidi ya miaka 40 iliyopita, maelfu ya wanawake walikutana nayo kila asubuhi kwenye magazeti. Habari yao inaonyesha vizuri namna chombo cha habari kinaweza kuzima mjadala mkubwa kwa neno moja tu.

Ilianza namna gani?

Tarehe 27 mwezi wa 8 mwaka 1981, wanawake 36 walitoka kwa miguu katika muji wa Cardiff, jimbo la Wales. Wanaume wachache na watoto walikuwa pamoja nao. Walitembea karibu kilometa 190 kwa siku kumi, hadi Greenham Common, kambi ya jeshi la anga karibu na muji wa Newbury. Mwaka 1979 muungano wa NATO ulikuwa umeamua kuleta Ulaya makombora ya Marekani yenye nguvu ya nyuklia. Makombora 96 kati ya hayo yalipangiwa Greenham.

Wanawake hao waliomba kitu kimoja: serkali ikubali mjadala wa wazi nao kwenye televisheni. Njiani, wandishi wa habari hawakuwajali sana. Ndiyo sababu walipofika, wanne kati yao walijifunga kwa minyororo kwenye waya wa kambi. Mjadala haukuja. Basi wakabaki pale. Kambi yao ilidumu miaka 19, ikafungwa mwaka 2000.

Maisha hayakuwa rahisi. Kila mara walifukuzwa na mali yao kuharibiwa, wakajenga tena vibanda vya matawi na kuvifunika na plastiki. Wale waliopitia kambi za wakimbizi kando ya Goma hawahitaji kuelezwa namna mtu analala chini ya bashi mvua ikinyesha.

Kwa nini wanaume waliombwa kuondoka?

Mwezi wa 2 mwaka 1982, wanawake waliamua kwamba kambi itakuwa yao peke yao. Mjadala ulikuwa mkali, hata kati yao.

Wale walioutaka uamuzi huo walikuwa na sababu tatu. Ya kwanza: wanaume wakiwepo, polisi na wandishi wa habari wanawafuata wao kama viongozi, hata kama kazi imeanzishwa na wanawake. Ya pili: waliona kwamba polisi wakija kufukuza watu, ni vigumu zaidi kuepuka mapigano kama kuna wanaume pande zote mbili. Ya tatu: wanawake wengi hawakuwa wamewahi kuongoza mkutano, kukamata neno mbele ya watu, au kuamua bila kuomba ruhusa. Walitaka mahali pa kujifunza hayo.

Wale waliopinga nao walikuwa na hoja. Bombe haichagui mume wala bibi. Kuna wanaume waliotembea nao tangu Cardiff: wanafukuzwa kwa kosa gani? Wengine waliogopa kwamba kambi ya wanawake tu itachekwa, na ujumbe utapotea.

Mwishowe walipata njia ya katikati. Kambi iligawanyika kwenye milango mbalimbali ya kituo cha jeshi, kila mlango ukapewa jina la rangi. Kwenye Mlango wa Kijani hakuna mwanaume aliyekubaliwa saa yoyote. Kwenye milango mingine, wanaume waliweza kutembelea mchana, lakini si kulala.

Je, ujumbe ulipotea? Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka huo huo, wanawake karibu 30.000 walishikana mikono kuzunguka kituo chote, waya wa zaidi ya kilometa 14. Walitundika juu yake nguo za watoto na picha za familia zao.

Magazeti yalisema nini?

Magazeti mengi, zaidi yale ya bei nafuu yanayouzwa sana, yaliwaonyesha kama watu wachafu, mama wabaya, wenye kuchukia wanaume, na juu ya yote lesbiani, ni kusema wanawake wanaopenda wanawake wenzao. Neno hilo liliandikwa kama tusi na kama maelezo ya kila kitu. Helen John, mkunga na mama wa watoto watano aliyekuwa kati ya waanzilishi, alilaumiwa kwa kuacha familia yake. Ndani ya waya ule ule kulikuwa askari walioacha watoto wao ng'ambo ya bahari. Wao hawakuitwa baba wabaya.

Je, magazeti yalidanganya? Hapa tuseme mambo sawasawa. Ni kweli, wanawake wengi wa Greenham walikuwa lesbiani. Kwa wengine, kambi ile ilikuwa mahali pa kwanza pa kuishi bila kujificha. Ni kweli pia kwamba kulikuwa wake za watu, mabibi wenye wajukuu, wanafunzi na wakristo wa makanisa mbalimbali. Kosa la magazeti halikuwa kusema kwamba lesbiani wapo. Kosa lilikuwa kulifanya jambo hilo kuwa jibu. Mwanamke anauliza: kwa nini mnaweka bombe hapa? Anajibiwa: wewe unalala na nani? Hesabu ya makombora inabaki ile ile 96, hata kama wote wangekuwa watawa.

Ndani ya kambi, tusi hilo lilileta shida nyingine. Wengine walitaka kujibu haraka: "Hapana, sisi ni mama wa familia, wanawake wa kawaida." Jibu hilo lilieleweka. Lakini lilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na wenzao. Mwanamke aliyekuwa amelala kwenye baridi pamoja nao, aliyefungwa gerezani pamoja nao, aliambiwa kwa njia ya mzunguko: wewe nyamaza, usiharibu jina letu. Wengine walichagua jibu tofauti: ndiyo, tuko humu lesbiani na wasio lesbiani, sasa jibuni swali letu.

Miaka sita baadaye, ndani ya studio

Mwaka 1988, serkali ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria iliyojulikana kama Kifungu cha 28, iliyokataza viongozi wa mitaa "kutangaza" mapenzi ya jinsia moja. Walimu wengi wakaogopa hata kumsaidia mtoto anayetukanwa darasani. Tarehe 23 mwezi wa 5, kundi la lesbiani liliingia kwa nguvu katika studio ya BBC wakati habari za saa kumi na mbili jioni zinasomwa. Sue Lawley aliendelea kusoma. Mwenzake Nicholas Witchell alimkalia mmoja wa wanawake hao ili kumnyamazisha. Kesho yake gazeti la Daily Mirror liliweka kichekesho hicho katika kichwa chake cha habari: mtu wa BBC amkalia lesbiani. Sheria yenyewe ikawa jambo la pembeni. Ilibaki hadi mwaka 2000 kule Scotland, na 2003 katika Uingereza na Wales.

Na leo?

Mjadala wa mahali pa wanawake peke yao haujaisha, ila swali limebadilika. Leo linahusu watu waliozaliwa wakihesabiwa wanaume na wanaoishi kama wanawake. Tarehe 16 mwezi wa 4 mwaka 2025, Tribinali Kuu ya Uingereza iliamua kwamba katika sheria ya usawa ya 2010, neno "mwanamke" linafuata jinsia ya kuzaliwa. Ilisema pia kwamba watu hao wanaendelea kulindwa na sheria dhidi ya ubaguzi. Mashirika kadhaa ya lesbiani yaliunga mkono upande ulioshinda, yakisema nayo yana haki ya kukutana peke yao. Lesbiani wengine waliupinga uamuzi huo. Kwa hiyo anayeandika kwamba "lesbiani wanasema hivi," kama watu wenye kinywa kimoja, anarudia kosa la zamani.

Inatuhusu nini sisi?

Makombora ya mwisho yaliondoka Greenham mwaka 1991, nyuma ya mapatano ya Reagan na Gorbachev ya 1987. Mchango wa wanawake wale unajadiliwa hata leo. Lakini Rebecca Johnson, aliyeishi kambini miaka mitano, alikuja kuwa rais wa kwanza wa ICAN, kampeni ya kufuta silaha za nyuklia iliyopata Tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2017. Mkataba ambao kampeni hiyo ilipigania, Congo yetu iliuthibitisha mwaka 2022. Na Congo ina neno la kusema hapo: uranium ya bombe la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga.

Kwetu, Katiba inasema kwenye kifungu cha 40 kwamba ndoa ni kati ya watu wa jinsia mbili tofauti. Kila mtu ana imani yake juu ya mapenzi haya, na makala hii haimwombi mtu aibadilishe. Lakini kumtaja mwanamke hivyo kwenye redio au kwenye kikundi cha WhatsApp, ili tu asisikilizwe, ni jambo lingine. Anaweza kufukuzwa kwenye nyumba, kupoteza kazi, kupigwa au kubakwa "ili arudi sawa." Na swali alilokuja nalo, la maji, la shamba, la askari wanaosumbua watu njiani, linabaki bila jibu.

Kwa hiyo, siku nyingine ukisikia kwamba kundi fulani la wamama "si wanawake wa kawaida," uliza mbele ya yote: walikuwa wanaomba nini? Na ni nani alipaswa kuwajibu?