Tangi la samaki lisilo na fremu: Kimo cha maji ndicho huamua unene wa kioo

ALFAJIRI ya Desemba 16, 2022, tangi kubwa la samaki lililosimama ndani ya hoteli moja jijini Berlin, Ujerumani, lilipasuka ghafla. Takriban lita milioni moja za maji zilifurika hadi barabarani, watu wawili wakajeruhiwa, na wengi wa samaki wapatao 1,500 waliokuwemo wakafa.

Tangi hilo, lililojulikana kama AquaDom, lilikuwa la plastiki ngumu ya akriliki wala si la kioo, na hakuna ajengaye jitu kama hilo sebuleni. Hata hivyo, kanuni iliyotawala kuta zake ndiyo itawalayo tangi dogo ambalo mkazi wa Nairobi au Mombasa humwagiza fundi wa vioo amtengenezee. Maji husukuma usiku na mchana bila kupumzika. Ukuta ukishindwa, walio hatarini ni watoto waliokaribu, nyaya za umeme zilizo sakafuni na jirani anayeishi orofa ya chini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatari hiyo huongezeka kwa matangi yasiyo na fremu. Tangi la kawaida huwa na ukanda wa plastiki au wa chuma juu yake, au vipande vya kioo vinavyounganisha ukuta wa mbele na wa nyuma. Ukanda huo ni mfano wa mshipi: huzuia kuta zisitanuke kuelekea nje.

Tangi lisilo na fremu hupendeza macho kwa kuwa hakuna kinachokatiza mandhari ya maji, mimea na samaki. Lakini mshipi umeondolewa. Kila ukuta hushikwa pande tatu tu, yaani chini na pembeni mbili, huku ukingo wa juu ukiachwa huru kupinda. Kazi ya mshipi sasa yapasa kufanywa na unene wa kioo chenyewe.

Si wingi wa maji

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza: tangi la lita 300 lahitaji kioo cha unene gani? Swali hilo halina jibu. Tangu mwaka wa 1586, mwanahisabati Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alieleza kwamba shinikizo la maji kwenye sakafu ya chombo hutegemea kimo cha maji wala si wingi wake.

Maana yake ni kwamba tangi lenye upana wa sentimita 40, kutoka mbele hadi nyuma, likiongezwa upana hadi sentimita 80, lita zitakuwa maradufu lakini ukuta wa mbele hautahisi tofauti yoyote. Kimo kikiongezwa, mambo hubadilika. Shinikizo la chini hupanda, na wakati huo huo kioo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupinda.

Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 50. Likijazwa hadi ukingoni, maji huusukuma ukuta wa mbele kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 150 hivi. Ni sawa na watu wawili wazima kuuegemea kioo hicho miaka nenda miaka rudi.

Urefu nao una nafasi yake. Ukuta mrefu hupinda kuliko mfupi wenye kimo kile kile, ingawa urefu ukishafika takriban mara tatu ya kimo, nyongeza yake huwa haba.

Hesabu yenyewe

Hesabu inayotumiwa sana na waundaji wa matangi huchukulia kwamba kioo cha kawaida huhimili mkazo wa niutoni 19.2 kwa kila milimita mraba. Kiasi hicho hugawanywa kwa 3.8, hivi kwamba kioo huruhusiwa kubeba takriban niutoni 5 pekee.

Tahadhari hiyo si woga. Chuma hupinda kabla ya kukatika, ilhali kioo hakitoi onyo. Isitoshe, kioo kinachobebeshwa mzigo mfululizo, hasa penye unyevu, hudhoofika polepole kwa kuwa nyufa ndogo zisizoonekana huendelea kukua. Tangi lililostahimili wiki ya kwanza halijathibitisha kwamba litastahimili mwaka wa tano.

Kwa hesabu hiyo, tangi lisilo na fremu lenye urefu wa sentimita 60 na kimo cha 30 huhitaji kioo cha milimita 4.1. Lenye urefu wa 90 na kimo cha 45 huhitaji milimita 7.6, la 120 kwa 50 huhitaji 9.2, na la 120 kwa 60 huhitaji 11.7. Kimo kinapopanda kutoka sentimita 30 hadi 60, unene hukaribia kuwa mara tatu.

Vioo huuzwa kwa vipimo maalumu, vikiwemo milimita 5, 6, 8, 10, 12, 15 na 19. Ni lazima mnunuzi apande hadi kipimo kinachofuata, asishuke kamwe. Tangi la urefu wa sentimita 150 na kimo cha 60 huhitaji milimita 12.2, hilo ni la kioo cha 15, hata kama cha 12 kipo dukani kwa bei nafuu.

Aidha, viwango vya Ulaya huruhusu kioo cha milimita 12 kipungue au kizidi kwa milimita 0.3. Kwa hiyo kioo hicho chaweza kuwa 11.7 hasa, na akiba yote ikawa imekwisha. Matokeo yanapokaribia kipimo hivyo, ni busara kupanda ngazi moja zaidi.

Kabla ya kulipa

Unene pekee hautoshi. Kingo za kioo zikaguliwe, kwa sababu palipomeguka ndipo ufa huanzia. Kioo kilichoimarishwa kwa moto kina nguvu zaidi, lakini hakikatwi wala kutobolewa baada ya kutengenezwa, na kikivunjika husambaratika chote kwa pamoja.

Silikoni ya kuunganishia iwe isiyo na dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo hudhuru samaki. Meza nayo iwe bapa na ipimwe kwa pimamaji, kisha tangi litandikiwe povu jembamba. Tangi la lita 300 lina kilo 300 za maji pekee, na meza iliyopinda huweza kupasua kioo chenye unene wa kutosha.

Silikoni ikishakauka, tangi lijazwe mahali ambapo maji hayawezi kuharibu kitu, na liachwe kwa siku kadhaa kabla ya kutiwa samaki.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, njia ya kupunguza gharama si kukonda kwa kioo bali kupunguza kimo. Tangi fupi lenye upana mkubwa huwapa samaki nafasi ile ile ya kuogelea, likadai kioo chembamba zaidi, na jirani wa chini akalala usingizi wake.